Stesheni wagoni ya modi kwenye Assetto Corsa: namna ya kuiendesha bila mkia kukupita

Kuna watu wakiona stesheni wagoni kwenye orodha ya magari wanapita moja kwa moja, wanatafuta GT3, yale magari ya mbio kabisa, au kitu chenye bawa kubwa nyuma. Sawa, kila mtu na ladha yake. Ila modi za wagoni za familia, yaani gari ambazo mashabiki wamezitengeneza wenyewe na kuziongeza kwenye gemu, zile ndefu zenye buti la kumeza mizigo ya safari nzima, alafu mtu kazifunga tabo (turbo) na kuzilaza chini, ni kati ya magari matamu sana kuendesha kwenye Assetto Corsa, ile simuleta ya mbio za magari. Na ni kati ya magari yanayotukanwa bure pia, maana mtu anaingia nayo kona kama yuko kwenye kigari kidogo cha milango mitatu, mkia unazunguka unampita, anatoka hapo anasema modi mbovu. Wakati mwingine kweli modi ni mbovu, tutafika huko. Mara nyingi lakini ni dereva ndo hajaisubiri gari.

Yaani ukitaka kushika kitu kimoja tu kwenye maelezo yote haya ni hicho: kila unachoifanyia wagoni, iwe breki, usukani au mafuta, kwanza kinafika mbele, alafu baadae kidogo kinafika nyuma. Ukiongeza amri nyingine kabla ile ya kwanza haijafika nyuma umeshaharibu.

Na kwa wale wanaosema wagoni sio gari ya mbio, mwaka 1994 Volvo wakiwa na TWR, timu ya mbio ya Uingereza, walipeleka 850 ya estate kwenye BTCC, mashindano makubwa ya magari ya kawaida Uingereza, madereva wakiwa Rickard Rydell na Jan Lammers. Watu walicheka, gari haikushinda mbio hata moja, lakini haikuwa maigizo, ilikuwa inapigana katikati ya kundi. Mwaka uliofuata sheria ziliruhusu mabawa wakahamia kwenye sedani. Baadae Honda walikimbia na Civic Tourer mwaka 2014 na ikashinda mbio, na 2017 Ash Sutton akabeba ubingwa kabisa akiwa na Subaru Levorg, ambayo nayo ni wagoni. Kwahiyo tusidharauliane.

UZITO UKO WAPI

Chukua sedani na wagoni za modeli ile ile. Mbele zinafanana, injini ni ile ile, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma mara nyingi haujaguswa. Kilichoongezeka ni bati, vioo na mlango mkubwa wa nyuma, na vyote hivyo vimekaa juu, alafu vimekaa nyuma, vingi vyake vikiwa vimeipita ekseli ya nyuma. Kilo zenyewe sio za kutisha. Ubaya ni mahali zilipokaa. Ziko mbali na katikati ya gari, kwahiyo gari ikitaka kuzunguka zinachelewa kuanza na zikishaanza zinachelewa kusimama. Beba ndoo ya maji mkononi alafu geuka ghafla, utaelewa: maji yanabaki kwanza, alafu yanakuja yote kwa pamoja na wewe ulishamaliza kugeuka.

Ndio maana wagoni ina tabia mbili zinazoonekana kama zinapingana. Mwanzo wa kona inaonekana mvivu, unakata usukani inakuangalia tu. Mwisho wa kona inakuwa na haraka kuliko wewe. Dereva mgeni anajibu ule uvivu kwa kuongeza usukani, na hapo ndo anajichimbia shimo, maana mkia ukija kuamka unakuta tairi za mbele zimekatwa zaidi ya zilivyotakiwa, zinauma, pua inavutwa ndani na nyuma inapata ruhusa ya kuondoka.

Kingine ni springi. Wagoni ya kiwandani kwa kawaida nyuma inajengwa kubeba watu na mizigo, kwenye simuleta uko peke yako na buti ni tupu, kwahiyo nyuma inakuwa nyepesi juu ya springi zilizotegemea mzigo. Ukitaka kuhisi tofauti jaza tenki. Lita 60 za petroli ni kama kilo 45 hivi, na kwenye gari nyingi tenki liko maeneo ya siti ya nyuma, na Assetto Corsa inahesabu tenki limekaa wapi. Endesha raundi chache tenki likiwa limejaa, alafu weka lita 10, utaona nyuma inavyobadilika tabia. Hii ni njia rahisi kuliko kuchezea mafaili.

IKAGUE MODI KABLA HUJAILAUMU

Kuiweka kwenye gemu hakuna shida. Zip unaiburuta kwenye dirisha la Content Manager, ile programu ya pembeni ya kusimamia magari na saketi za Assetto Corsa, inaitambua yenyewe, unathibitisha. Ikigoma unaifungua mwenyewe unaipeleka folda ya gari kwenye assettocorsa, content, cars. Jina la folda usiliguse, hata kama ni refu na baya kiasi gani. Data ya gari ikiwa imefungwa kwenye data.acd ufunguo wake unatokana na hilo jina, na sauti nazo zinatafutwa kwa jina hilo hilo, ukilibadilisha gari inakataa kuwaka au inakuwa bubu alafu unaanza kumtafuta mtengenezaji bure.

Sasa kitu kinachonikera kwenye modi za wagoni. Watengenezaji wengi wanachukua sedani iliyopo tayari, wanabandika mwili wa wagoni juu, wanaandika jina jipya, basi. Fizikia ni ile ile ya sedani. Unaendesha unasema mbona wagoni nyepesi hivi, kumbe hakuna wagoni hapo ni picha tu. Kama data haijafungwa kwa siri unaweza kuangalia mwenyewe, Content Manager ukiiwekea hali ya watengenezaji inakuruhusu kuifungua. Angalia tu, usibadilishe kitu bado.

Kwenye car.ini tafuta TOTALMASS, huo ni uzito wa gari pamoja na dereva ila bila mafuta. Hapo hapo kuna INERTIA yenye namba tatu, ni kama vipimo vya boksi ambalo gemu inalitumia kujua gari inazunguka kwa ugumu gani: upana, kimo, urefu. Alafu kwenye suspensions.ini tafuta CG_LOCATION, hiyo inasema sehemu gani ya uzito iko mbele, mfano 0.60 maana yake asilimia 60 iko kwenye tairi za mbele. Sasa linganisha na sedani yake. Wagoni inatakiwa iwe nzito kidogo, ile namba ya urefu iwe kubwa kidogo, na CG_LOCATION iwe imeshuka kidogo. Kama zote tatu zinafanana mpaka nukta ya mwisho basi umeshapata jibu. Bado unaweza kufurahia nayo, ila ujue unaendesha nini.

Nguvu ya injini ichunguze pia kwa akili ya kawaida. Audi RS2 Avant ya mwaka 1994, ambayo Porsche walishiriki kuitengeneza, ilikuwa na injini ya lita 2.2 silinda tano yenye tabo, farasi 315 na Nm 410, na kwa wakati wake ilikuwa moto wa kuotea mbali. Kwahiyo ukikutana na wagoni ya familia ya miaka ile ile imeandikwa farasi 900 na chini ina tairi za barabarani, mtengenezaji alikuwa anajifurahisha. Sio vibaya, ila usianze kujifunza na hiyo. Tafuta yenye farasi 200 mpaka 350, ndo utaisikia gari inavyohama uzito, zaidi ya hapo unakuwa unapigana na tairi tu.

KAA VIZURI

Hapa nitapita haraka. Upana wa kuona uweke mdogo kuliko unavyopenda. Skrini ya inchi 27 ikiwa sentimita 70 kutoka kwenye macho yako, hesabu halisi ya Assetto Corsa, ambayo inapima kwa wima, inakuja kama nyuzi 27. Najua utaona kama unachungulia tundu, wengi wanapandisha mpaka 40 na hakuna atakayekukamata, ila ukienda 60 spidi inaonekana kubwa kuliko ilivyo na kona zinaonekana mbali, na kwenye gari inayotaka usubiri, hilo ni tatizo.

Usukani uwe nyuzi 900, kwenye programu ya usukani wenyewe na kwenye gemu zote mbili zisome sawa. Gari za familia zina usukani wa mzunguko mrefu, ukiupunguza kuwa nyuzi 360 eti uwe mwepesi, kila mkono wako ukitikisika kidogo gari inayumba.

Nguvu ya usukani, yaani FFB (force feedback), ule msukumo usukani unaokurudishia mkononi, washa ile app ya pedali ndani ya gemu uangalie kile kimstari cha FFB. Kikiwa kinageuka chekundu kila kona maana yake usukani umefika mwisho wa uwezo, hauna cha kukuambia tena, unahisi uzito mmoja tu tairi ziwe zimeshika au zimeachia. Punguza kwa kitufe cha kutoa kwenye namba za pembeni za kibodi mpaka chekundu kije kwa nadra, kwenye kerbu tu, zile kingo zilizoinuka pembeni ya kona. Modi nyingi zinakuja na FFB imewekwa juu mno kwa sababu ukiwa na usukani mzito gari inaonekana ya maana.

Wa gamepad na nyie mpo. Punguza spidi ya usukani kwenye setingi, kijiti kikiwa kinapeleka tairi mpaka mwisho kwa mara moja wagoni haitakusamehe.

ABS, inayozuia tairi kufunga kwenye breki, na traction control, inayozuia tairi kuzunguka bure ukikanyaga mafuta, ziache kwenye hali ya kiwandani, kama gari halisi ilikuwa nazo unazo, kama haikuwa nazo hauna. Stability control weka sifuri. Ile inakushikia mkia bila kukwambia na utamaliza mwezi hujui gari yako inafanyaje.

SETAPU YA KUANZIA

Usiguse kila kitu. Vitu sita vinatosha na ubadilishe kimoja kimoja.

Joto la tairi kwanza. Toka uendeshe raundi tatu nne za kawaida bila ubabe, alafu angalia app ya tairi, bluu ni baridi, kijani ni nzuri, nyekundu imepikwa. Kwenye wagoni yenye kuvuta mbele utakuta tairi za mbele zimeiva na za nyuma bado baridi, hiyo ni hatari yenyewe kabisa, mbele inauma na nyuma iko kwenye barafu. Ndio maana kona za mwanzo ndo watu wanazungukia, raundi mbili za kwanza zichukulie kama za kupasha tu, au washa ile setingi ya tairi kuanza zikiwa na joto kama unafanya mazoezi.

Urefu wa gari kutoka chini. Wenye modi wanapenda kuzilaza, picha zinakuwa kali, ila springi zikikosa nafasi ya kushuka gari inakaa juu ya mipira ya kuzuia mwisho wa springi, na hapo tairi inapoteza mshiko ghafla bila kubisha hodi. Dalili yake ni hii: gari iko vizuri kwenye kona, inagusa bonde dogo au kerbu, inaruka pembeni kama imepigwa teke. Nyanyua nyuma sentimita moja kabla hujafikiria kingine chochote.

Balansi ya breki ipeleke mbele kidogo, asilimia moja au mbili. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, na lile buti liko nyuma linasubiri sababu. Ukiona sasa tairi za mbele zinafunga mapema na gari inaenda moja kwa moja umezidisha, rudisha.

Stabilaiza ya nyuma, ile fito inayounganisha tairi mbili za nyuma ili gari isilale sana kwenye kona, ilegeze kama mkia unatoka ukiachia mafuta. Hapa kuna ubishi, maana kwa gari za kuvuta mbele watu wanapenda kuikaza nyuma ili gari ikate kona vizuri, na ni kweli inasaidia, kwenye gari fupi. Kwa wagoni mimi nasema anza na laini, ukishaizoea ndo ukaze klik moja moja.

Shokapu sasa. Gari ikiwa inaendelea kuyumba baada ya wewe kumaliza kugeuza usukani, kaza kidogo. Ikiwa nyuma inakuwa nyepesi pale pale unapogusa breki, legeza ile ya kurudi juu kwenye shokapu za nyuma, ili tairi ipate muda wa kuendelea kukanyaga lami wakati mwili unanyanyuka. Toe ya nyuma ndo ya mwisho, yaani pembe ya tairi za nyuma ukizitazama kutoka juu, iwe inaangalia ndani kiasi kidogo tu, inatuliza sana kwenye spidi, ila ukiizidisha inakula tairi na inaua spidi ya moja kwa moja.

KUENDESHA SASA

Breki kwanza, maana kila kosa la wagoni linaanzia kwenye breki. Gari ina uzito, na uzito ukijumlisha na spidi hesabu yake sio ya mstari ulionyooka: ukifika kona na 180 badala ya 144, yaani umeongeza robo tu ya spidi, kazi ambayo breki zinatakiwa kufanya imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwahiyo ule mtindo wa kuchelewa breki kwa mita tano ili kumpita mtu, kwenye wagoni unalipa riba. Kanyaga mapema, kanyaga kwa nguvu mwanzoni gari ikiwa imenyooka, alafu anza kuachia kidogo kidogo. Sio kuachia ghafla. Ukiachia ghafla pua inanyanyuka, tairi za mbele zinapoteza uzito wakati huo huo unataka zikate kona, unapata ile gari inayoangalia kona ila haiendi.

Unapoachia breki kidogo kidogo ndo unaanza kuingiza usukani, na usukani uingie kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ndogo, kiasi cha kuilaza gari upande mmoja, tairi za nje zipokee uzito. Unasubiri. Ni sehemu ya sekunde tu lakini lazima uihisi, nyuma inakaa chini, usukani unaanza kuwa mzito mkononi. Hapo ndo unaongeza awamu ya pili. Ukifanya hivi ile gari mvivu inageuka kuwa gari nyingine kabisa, inafuata. Na mkia haushtuki kwa sababu ulishaambiwa mapema kwamba tunaenda kona.

Mafuta sasa inategemea inavutwa na tairi gani.

Ya kuvuta mbele, kama ile 850, kanuni kubwa ni usiachie mafuta yote katikati ya kona ukiwa umeingia na spidi. Ukiachia, injini inashika tairi za mbele kama breki, uzito unahamia mbele, nyuma inanyanyuka na buti linaendelea na safari yake. Kama umeshaingia haraka kupita kiasi punguza mafuta nusu, sio yote, unyooshe usukani kidogo ukubali kutoka nje ya mstari wako. Na mkia ukiwa umeshatoka, rudisha usukani upande unaoteleza na uongeze mafuta. Ndio, uongeze. Mwili mzima unakataa lakini ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma, tairi za nyuma zinashika, na za mbele zinaivuta gari inyooke. Breki hapo ndo kaburi.

Ya kuvuta nyuma ni tofauti, mkia unautoa mwenyewe kwa mguu wa kulia, na kwa sababu gari ni ndefu na kitako ni kizito unatoka taratibu kuliko kwenye gari fupi, mpaka unajiona fundi. Tatizo ni kurudi. Ukiwa umerudisha usukani na gari imeanza kunyooka, lile buti lina mwendo wake na halisimami katikati, linapita upande wa pili, na mara nyingi hilo pigo la pili ndo linalokutupa. Kwahiyo usukani uanze kuurudisha katikati kabla gari haijanyooka, pale pale unapohisi mkia umeacha kuendelea kutoka. Legeza vidole, FFB yenyewe itauzungusha usukani upande unaotakiwa, wewe unausindikiza tu. Wanaoung'ang'ania usukani ndo wanaozungushwa kushoto kulia kushoto mpaka ukutani.

Ya kuvuta zote nne, mfano RS2, inasamehe sana kutoka kona na haisamehi kabisa kuingia. Ukiingia na spidi kubwa alafu ukakanyaga mafuta ukitegemea itajivuta, pua inaenda nje na hakuna cha kufanya. Imalize kuigeuza kwanza, kwa breki ile ya kuachia kidogo kidogo, alafu mafuta yote. Na hizi za tabo la zamani nguvu inachelewa kuja, kwahiyo mguu unaenda chini kabla hujaona njia imefunguka vizuri. Ukisubiri mpaka usukani unyooke ndo ukanyage, tabo litaamka ukiwa umeshamaliza nusu ya njia iliyonyooka.

PADDOCK HILL, HATUA KWA HATUA

Saketi nzuri ya kujifunzia ni Brands Hatch ile fupi ya Indy, haifiki hata kilomita mbili kwahiyo unarudi kwenye kona ile ile haraka, na kona ya kwanza, Paddock Hill, ina kila kitu ambacho wagoni haikipendi. Inakata kulia, alafu katikati yake barabara inaanguka chini, alafu inapanda tena kuelekea Druids.

Unakuja upande wa kushoto. Breki unamaliza sehemu kubwa gari ikiwa imenyooka, gia unashusha hapo hapo, sio baadae. Kabla ya kilima kuanguka unatakiwa uwe umebakiza breki kidogo sana na usukani uko kwenye ile awamu ya kwanza. Sasa barabara inaanguka. Hapa ndo penyewe. Mwili wa gari unataka kuendelea juu na lami imeshuka, tairi zote zinapungua uzito, na za nyuma ndo zinateseka zaidi kwa sababu bado una breki kidogo. Ukiwa unaongeza usukani wakati huo, au umeachia mafuta ghafla, mkia unaondoka na utaangalia ulikotoka. Kwahiyo pale inapoanguka mikono inatulia kabisa, breki inaisha, na kwa gari ya kuvuta mbele unagusa mafuta kidogo, sio ya kwenda kasi, ya kuiweka nyuma chini tu. Gari inafika kwenye bonde, springi zinajikusanya, tairi zinapata uzito wote kwa pamoja, na hapo una mshiko wa bure, ndo unaongeza usukani unaomalizia kona na mafuta yote mpaka kwenye kilima. Kama gari imelazwa sana ndo bonde hilo hilo litakugongesha chini, rudi kwenye urefu tulioongelea.

Druids juu huko ni kona ya kugeuka kabisa, kazi yake ni subira tu, ingia taratibu utoke vizuri. Zilizobaki utazizoea.

Ukishaweza Paddock Hill raundi kwa raundi bila kushtuka, nenda Nordschleife, kilomita 20.8 za kuijua gari. Anza na Hatzenbach pale mwanzoni, zile kona za kushoto kulia mfululizo, ndo mtihani wa kusubiri: kila ukibadilisha upande buti liko nyuma ya wakati, na ukiongeza spidi kila kona deni linakua mpaka kona ya mwisho unalipa yote kwa mpigo. Punguza ya kwanza ili ya mwisho uipite ukiwa na gari mkononi. Alafu Schwedenkreuz, ile ya kushoto ya spidi kali yenye kigongo, mikono itulie gari ikiwa juu ya kigongo, usiguse breki mpaka ikae chini na inyooke, ndo uanze kupunguza kwa ajili ya Aremberg. Watu wengi wanagusa breki kidogo kwa woga wakiwa juu ya kigongo, na kwa wagoni hiyo kidogo inatosha. Kama unaogopa, ogopa mapema, punguza mafuta kabla ya kigongo uingie na spidi unayoiamini.

Fuchsröhre ukishuka mpaka bondeni gari inabanwa chini vibaya sana, alafu inapanda kuelekea Adenauer Forst, na hapo kuna mkusanyiko wa watu wa simuleta wote duniani kwenye majani, kwa sababu wanatoka bondeni na spidi alafu ile kushoto inawakuta. Breki ya wagoni hapo ianze mapema kuliko unavyodhani, gari ikiwa bado inapanda, kilima kinakusaidia kusimama.

KUINGIA NAYO ONLAINI

Seva inalinganisha data ya gari yako na ya kwake, kwahiyo kama ulifungua mafaili ukabadilisha hata namba moja ya uzito, utatolewa, na utadhani seva ina chuki na wewe. Weka nakala ya modi kama ilivyokuja, majaribio yako yafanye kwenye nakala nyingine kwa ajili ya kuendesha peke yako. Na toleo liwe lile lile la seva, modi za wagoni zinatolewa upya mara nyingi kwa jina lile lile la folda.

Ukiwa kwenye kundi kumbuka wewe ni mrefu na unachelewa kusimama, kwahiyo ukimfuata kigari chepesi acha nafasi kwenye breki, yeye anasimama pale ambapo wewe bado unaenda. Ukiwa mbele yake, kioo chako kimejaa yeye na anakuja ndani kwenye kila kona, usimfungie mlango dakika ya mwisho, maana kubadilisha mstari ukiwa kwenye breki ndo ile Paddock Hill tena, safari hii na watu nyuma. Chagua mstari mapema, kaa ndani, breki iliyonyooka, atazunguka nje huko na kama gari yako ina nguvu utamkuta kwenye njia iliyonyooka. Na akikupita, mpe raundi tatu tairi zake zipike.